Nani Anachonga Tairi za Baba?

Enzi zetu, na wenzangu wa Njombe mtaniunga mkono, mtoto wa mkulima hakuvaa kiatu cha dukani. Ukibahatika ulivaa katambuga, zile ndara zilizokatwa kwenye tairi kuukuu, tena kwa maringo, hadi kanisani. Wajukuu zangu nikiwasimulia wanacheka hadi wanashika mbavu. Haya, chekeni. Baridi ya Juni kidogo tu na ninyi wote mafua.

Baba yangu alikuwa na gari, jambo la ajabu kwa Mbena mkulima wa pareto zama za Mwingereza. Aliuziwa na mlowezi aliyekuwa akihama, likiwa limeshazeeka, na springi zake zile zile za kiwandani zililia kila shimo. Alipeleka pareto na abiria Makambako. Hadi leo nikisikia harufu ya petroli namkumbuka mama akifunga viazi vya kuchemsha vya safari.

Basi mwaka mmoja baba akapata tairi mbili mpya za mbele. Tairi zilikuwa adimu, ukizikosa gari linalala juu ya mawe. Hazikumaliza hata masika. Upande wa nje zilikuwa mpya, lakini upande wa ndani zililika vibaya, ukipitisha kiganja unahisi makali, utadhani mtu kapitisha kisu. Baba alichuchumaa, akapapasa, akasimama na kusema neno moja tu: "Katambuga."

Ndiyo, aliamini kuna mtu anamchonga mpira ashonee viatu. Na nani angewaza vingine? Tuliacha kucheza mdako, tukawekwa zamu ya kulinda gari mchana kutwa. Kanisani baba hakuangalia tena madhabahu, aliangalia miguu. Mzee wa kanisa akipiga magoti, baba naye anainama kukagua soli. "Baba Neema, utatuaibisha!" mama alimnong'oneza. Neema ndiye mimi. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona askari kweli kweli. Nilimshuku mwalimu, nikamshuku muuza pombe ya ulanzi, hata bibi yangu sikumwacha.

Tuliishi na baba mdogo Zakaria, mdogo wake baba wa tumbo moja. Ndiye aliyenifundisha kusoma, akichora herufi kwenye majivu ya jikoni. Siku moja alirudi kutoka Makambako amevaa katambuga mpya, nyeusi tii. Jamani, hata shikamoo sikumpa. Nilitoka mbio kwenda kumwambia baba.

"Umezitoa wapi?" baba akamuuliza uani, sote tukisikia.

"Nimenunua sokoni, kaka."

"Kwa nani?"

"Simjui jina."

"Humjui! Zakaria, mimi ndiye wa kunichonga?"

Baba mdogo aliinama. Alizivua, akaziacha pale mlangoni, akaondoka pekupeku. Mama alitaka kumfuata, baba akamkataza. Wiki ile ile tukasikia amejiandikisha manamba, lori limemchukua kwenda kwenye mkonge, Tanga.

Baba alisema mwizi amejifukuza mwenyewe. Lakini tairi ziliendelea kulika.

Mwishowe tulikwenda Makambako kwa fundi mmoja aliyejifunzia kazi jeshini, wakati wa vita. Alikata ufito ukaenea sawasawa kati ya tairi mbili za mbele, kwa nyuma yake. Akauhamishia kwa mbele. Ukapwaya, pakabaki nafasi ya upana wa kidole. Akaingia uvunguni, akatoka na matope kichwani.

"Mzee, uligonga jiwe?"

"Niligonga. Kabla ya masika."

"Basi rodi ya usukani imepinda. Tairi zimetazama nje, kila moja na njia yake, barabara inazikwangua. Hakuna mtu aliyezigusa."

Baba alikaa chini, pale pale kwenye tope jekundu, na suti yake ya safari. Sijawahi kumwona hivyo. Mimi nilijificha nyuma ya gari nikalia, maana ulimi uliomfukuza baba mdogo ulikuwa wangu.

Barua niliandika mimi, kwa mwandiko alionifundisha yeye. Tatu. Baba alizipeleka posta mwenyewe. Hakuna jibu lililokuja.

Juzi mjukuu wangu alinichukua kwenye gari lake hadi gereji ya Makambako. Siku hizi wana mashine yenye taa ya kupima tairi zimetazama wapi; sikuiamini, nikasimama karibu kuichunguza. Dakika chache tu ikatoa majibu. Mjukuu akanigeukia akicheka. "Bibi, kumbe tairi zinaliwa kwa sababu ya alaimenti tu!"

Nikamwambia asirudie kusema "tu" mbele yangu. Hakuelewa, akadhani nimechoka na safari, akanitafutia kiti. Nikakaa. Baba mdogo Zakaria hakurudi, na mpaka leo hatujui alizikwa wapi.