Sepeto la Mahandakini

Mwaka wangu wa tatu Guangzhou, China, nilikuwa nikiishi kwa kutafsiri. Wafanyabiashara wa nyumbani walinipigia wakiwa bado uwanja wa ndege wa Baiyun, nami niliwapokea na kuwazungusha kwenye maduka ya jumla. Mteja wa mwezi ule hakutaka nguo wala simu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia kutoka Tanga. Alikuwa akianzisha chumba cha makumbusho katika shule aliyofundisha, na alitaka mifano ya silaha walizotumia askari wa Kijerumani mahandakini, katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

"Babu yangu aliwabebea Wajerumani mizigo huko kwetu mpaka akafia njiani," aliniambia ndani ya treni ya metro. "Kaburi lake hatulijui. Nataka watoto waone na huko kwao Ulaya watu walikuwa wanafanyana nini."

Nilimpata fundi mmoja pembezoni mwa mji, anayetengeneza vifaa vya kuigizia filamu. Alitutolea bunduki ndefu ya mbao yenye singe, bomu la mkono lenye mpini kama mchi, na rungu lililopigwa misumari kichwani. Mwalimu alivikagua kimoja kimoja. Alimwonyesha fundi mahali chini ya mpini wa bomu panapotakiwa uzi wa kuvuta kabla ya kurusha. Nilitafsiri yote hayo bila shida, kama ninavyotafsiri habari za viatu.

Halafu akashika sepeto fupi.

"Hili mwambie alinoe pande zote mbili. Handakini bunduki ilikuwa ndefu mno, hata kugeuka nayo huwezi. Kwa hiyo walinoa masepeto yao. Walilenga hapa." Akaniwekea kiganja kati ya shingo na bega.

Miaka sita kabla ya siku hiyo, kaka yangu aliuawa kwa jembe, ugomvi wa mpaka wa shamba. Mimi ni miongoni mwa waliomwosha kabla ya kuzikwa. Pale aliponigusa mwalimu ndipo kidonda kilipokuwa. Nilipomimina maji, yaliingia ndani na hayakutoka.

Fundi alikuwa akinitazama, anasubiri. Nikamwambia kwa Kichina: "Mzee anasema usilinoe. Liache butu."

Siku nne baadaye tulirudi kuchukua. Mwalimu akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa sepeto, akapitisha tena.

"Halina makali."

"Watu wa kago wangelikataa likiwa na makali, mwalimu."

"Si linakwenda kwa meli, ndani ya kontena? Mwanangu, ulimwambia nini huyu?"

Nilianza uongo mwingine, ukanishinda. Nikamweleza habari za kaka yangu, mpaka zile za maji. Mwalimu akakaa juu ya kreti.

"Na aliyemuua?"

"Alifungwa, ametoka. Mama hukutana naye dukani."

Aliligeuza sepeto mikononi. Nilidhani ataliacha sepeto kama lilivyo.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Lakini likienda hivi, watoto watadhani ni la kuchimbia bustani. Watacheka. Mwambie alinoe. Kama huwezi, nitamwonyesha mwenyewe kwa mikono."

Nilimwambia fundi kwamba kosa lilikuwa langu. Sababu sikumpa. Akasema hakuna tabu, akawasha mashine. Nilitoka nje nikasimama kichochoroni, lakini mlio wa chuma ulinifuata huko huko.

Jioni tulikwenda mtaa wa Xiaobei, kwenye mkahawa wa Wazanzibari. Kabla chakula hakijaletwa, mwalimu aliniuliza jina la kaka yangu. Akainua mikono akamwombea babu yake, kisha akamwombea kaka yangu kwa jina lake, kwa sauti, watu wa meza ya jirani wakaacha kuzungumza. Nikaitikia amina. Tangu tumzike, hakuna mtu asiye wa ukoo wetu niliyemsikia akilitaja jina lile.