Kikohozi cha Baba Ndani ya Mchezo

Sauti zote za mchezo wangu nilizipata mtandaoni, isipokuwa moja. Mlio wa sururu ulikuwepo, kifusi kinachoporomoka kilikuwepo, hata popo. Kikohozi cha maana ndicho kilichokosekana. Vya mtandaoni vilikuwa vya watu wenye mafua, na mimi nilimtaka mchimbaji aliyekula vumbi la mwamba miaka mingi. Basi nikaenda nyumbani Samuye, baba alipojilaza mchana nikaiweka simu dirishani kwake, nikarekodi.

Sikumwomba ruhusa. Ningemwomba angeuliza cha nini, nami sikuwa na jibu la kumwambia huku namtazama usoni.

Nasoma kutengeneza michezo ya kompyuta katika chuo cha wananchi Kahama, nimepanga chumba Nyahanga. Nyumbani wanasema kwa kifupi, "Anasoma kompyuta," na baba huongeza kanisani kwamba binti yake ataajiriwa mgodini, ofisini, penye kiyoyozi. Yeye alichimba kwenye maduara ya Segese, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, mpaka kifua kikagoma. Ada yangu ilitoka humo.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mchimbaji anashuka kwenye duara kutafuta dhahabu, hewa inapungua, ikikaribia kwisha anakohoa. Siku ya kuonyesha kazi zetu darasa zima lilinyamaza kilipotoka kile kikohozi, kisha wakapiga makofi. Mwalimu akauliza nimekitoa wapi. "Mtandaoni," nikasema, bila hata kupepesa macho. Baada ya hapo wenzangu wakawa wananikoholea koridoni kwa utani, nami nacheka nao. Kicheko hicho ndicho kinachonichoma kuliko vyote. Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi, kwa ujanja wangu, nilikificha kikohozi chenyewe.

Likizo ilipofika, baba akataka kuuona mchezo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane," akaitikia, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. "Haya, lete hicho ninachokusomeshea."

Nikaufungua kwenye simu yangu, nikajaribu kupunguza sauti. Akaniambia niiongeze, masikio yake yalishachoshwa na baruti. Akaishika simu kwa mikono miwili, akamshusha mchimbaji wangu taratibu, akasifu matimba, yaani miti inayozuia kuta zisianguke. Nimeyapanga vizuri, alisema, mtu angedhani nimewahi kushuka. Nilikuwa natabasamu. Kisha hewa ikapungua, na mchimbaji akakohoa.

Mama akatoka jikoni na kikombe cha maji ya uvuguvugu, kama afanyavyo kila siku.

"Pole, baba. Kunywa."

Baba alikuwa hajakohoa. Simu ikakohoa tena mkononi mwake. Mama akaitazama, kisha akanitazama mimi. Miaka yote ya ndoa yake amekuwa akikiitikia kikohozi kile, hawezi kukichanganya na cha mtu mwingine. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba hakuinua macho. Kwenye maduara ya Segese walikuwa na desturi moja: anayekohoa chini haulizwi kitu, walio juu wanamvuta kwa kamba hapohapo, hata kama ndio kwanza ameliona jiwe lenye dhahabu. Habari hiyo nimeisikia tangu utotoni. Ndivyo baba alivyokuwa akirudi nyumbani mzima.

"Anakohoa huyu," akasema, akibonyeza huku na huku. "Kamba iko wapi?"

"Sikuweka kamba, baba."

"Sasa anapandaje?"

Hapandi. Mwalimu hakuliona hilo, darasa halikuliona, na mimi niliyesomeshwa na mtu aliyevutwa kwa kamba sikuwahi hata kulifikiria.

"Anashuka tu," nikasema. "Mpaka hewa iishe."

Baba akakipokea kikombe kwa mama, akakiweka chini bila kunywa, akaendelea kubonyeza sehemu ya juu ya kioo.