Habari ya Kifo Haisemwi Mtu Akiwa Wima

Mjukuu wangu, jana uliponisikilizisha kwenye simu yako sauti ya mtu asiyejitaja, akitaja majina ya waliokufa huko mashariki, nilikunyang'anya simu hiyo. Ukadhani uzee umenizidi. Ngoja nikuambie hasira ile ilitoka wapi.

Nilikuwa mke mchanga hapa Kasongo, vita vilipovuka mpaka safari ile ya kwanza. Watu wa Kabambare wakatukimbilia, na nyumbani kwetu akafikia Mama Feza, mjane. Amisi, mwanawe wa pekee, alikuwa Salamabila, kule kule Kabambare, akichimba dhahabu risasi zilipoanza, na tangu hapo hakujulikana alipo. Kila jioni tulikaa barazani na redio. Redio ya wale waliovuka mpaka ilisema wameukomboa mji wa Kabambare. Redio ya hawa wa serikali ikasema mji haujawatoka mikononi, wananchi watulie. Wananchi ndio sisi, tuliokuwa tukilala kwa zamu.

Basi akaja mwanasiasa mmoja, tumwite Mheshimiwa, pamoja na mtangazaji mwenye kinasa sauti. Walitaka kilio cha kupeleka hewani. Mama Feza alipotaja jina la mwanawe, Mheshimiwa akashika kipaza sauti, akasema amesimama vile vile kwamba Amisi wa Salamabila ameuawa na maadui, na damu yake inatuita. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alihitaji maiti, akaokota jina.

Kwetu, mwenye kuleta habari ya kifo huketi kwanza mkekani, hunywa maji, ndipo huulizwa nani aliyeosha na nani aliyezika. Asipoweza kujibu, matanga hayakaliwi, maana siri ya maiti aijuaye mwosha. Baba mkwe wangu, Mzee Saleh, akainuka.

"Mheshimiwa, kaa chini. Ule mutoto, nani alimuosha? Nani alimuzika?"

"Mzee, hii iko vita. Hatuna wakati ya ile mambo."

"Kama hauna wakati ya kukaa, hauna kifo ya kutuletea. Uko unatuletea uongo."

Mheshimiwa akacheka, akapanda gari lake. Jioni redio ikatangaza kama alivyosema. Mzee Saleh alimsihi Mama Feza asiamini, lakini ulimi wa redio ni mrefu kuliko wetu.

"Baba, redio imesema," akajibu. "Nani atamuzika mutoto wangu kule? Acha niende."

Asubuhi akashika njia ya Kabambare na sanda waliyomchangia majirani.

Alipigwa risasi kwenye kizuizi cha barabarani, na mpaka leo hatujui kilikuwa cha upande gani. Mzee mmoja wa kijiji cha Lusangi ndiye aliyetuletea habari. Aliketi, akanywa maji, akawataja wanawake waliomwosha. Walimvika sanda ile ile.

Hata matanga hayajaisha, Amisi akaingia uani, amekonda, miguu imemvimba kwa kupita porini.

"Mama iko wapi?"

"Kaa chini, mwanangu," Mzee Saleh akamwambia. Kijana akaelewa, akaanguka pale pale.

Redio haikurudi kusema imekosea. Mama Feza haikumtaja kabisa. Mheshimiwa alipata kiti chake, akanenepa nacho.

Sasa vita vinapiga hodi tena, na wakubwa wanaokota majina ya watoto wetu kama walivyozoea, ila leo hawahitaji mtangazaji. Wanakutumia wewe na simu yako. Usiwape kidole chako. Jina la mtu lisipite mkononi mwako mpaka ujue nani alimzika, na usipojua, nyamaza, hata kama wenzako wote wamekwisha kulipitisha. Usiniambie ni jambo dogo, kwa sababu nimemwona kijana mzima akiomba apewe udongo wa kaburi la mama aliyekwenda kumzika yeye.

Wale wakubwa sijawasamehe, na leo usinihimize kusamehe. Wewe Mungu akupe ulimi wenye subira, akulinde na barabara zao, na popote mama yako atakapokuwa anakungoja, akufikishe kabla hajaondoka kukutafuta.