Siku Nilipomtajia Fundi Elimringi Namba za Uongo

Mume wangu anajulikana mtaa wetu mzima wa Maisaka kwa jina la Fundi Elimringi, yule mrefu wa madishi ya runinga asiyecheka ovyo. Mimi nikiwa na amani naye namwita Baba Kindness. Nikikasirika namwita fundi. Jumamosi ile nilimwita fundi tangu tunatoka nyumbani, kwa sababu alibeba ngazi.

Ngazi yenyewe ilikuwa imekaa nyuma ya jiko zaidi ya mwaka, kuku wanailalia. Mwaka jana kabla ya Pasaka alianguka kutoka juu ya bati kule Mutuka, akavunjika mbavu mbili. Daktari akasema ni presha inayomletea kizunguzungu, asipande tena juu. Mume wangu akamwahidi binti yetu kwa simu nikisikia kwa masikio yangu haya: "Kindness mwanangu, sipandi." Tangu hapo tukawa tunachukua kazi za chini tu, madishi ya ukutani, waya na ving'amuzi.

"Ngazi ya nini, fundi?" nikamuuliza.

"Ya kazi," akasema, akaifunga juu ya bajaji tuliyoikodi.

Haya. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikapanda bajaji.

Tulikuwa tumeitwa Nangara kwa Mzee Wilbroad. Huyu mzee alikuwa fundi viatu hodari sana, mpaka kiharusi kilipompooza upande wa kulia. Siku hiyo binti yake, Sista Benadetha, alikuwa anaweka nadhiri za daima huko kusini, mbali, safari ambayo mzee asingeiweza. Misa ilikuwa inarushwa moja kwa moja saa nne kamili kwenye chaneli ya dini, na chaneli ile ni ya HD, zile za picha kali. Na HD zote nyumbani kwake zilikuwa zimekufa tangu jana jioni.

Tulifika saa tatu na dakika kumi. Mzee alikuwa ameshavalishwa koti, ameketi mbele ya runinga. Kwenye kioo palikuwa na vimraba vilivyoganda, na sauti inakatika kila neno la pili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, nitamwona mwanangu?"

"Utamwona, mzee."

Mkwe wake, Mama Allen, ndiye anayemtunza. Alikuwa anazunguka na leso mkononi, akipanga viti vya wageni na kuvipangua tena. "Chaneli za kawaida zinaonyesha vizuri tu," akalalamika, "sasa hizi HD zimekosa nini jamani?"

Nikamweleza. Chaneli ya kawaida haina makuu, ikipata ubora kidogo wa mawimbi inaonyesha. HD ina maringo, ikikosa ubora wa kutosha inagoma kabisa. Nikafungua ukurasa wa vipimo kwa remoti. Nguvu ya mawimbi sabini na tisa, ubora thelathini na nane. Kwa HD tunataka angalau sitini.

Sasa nisikilizeni. Mume wangu ana sheria yake, amenifundisha mimi na kila kijana aliyewahi kufanya naye kazi: anza chini. Anza na runinga, nenda kwenye king'amuzi, fuata waya wote kwa mkono, na juu ya bati uwe mwisho. Siku ile alitazama namba mara moja tu, akatoka nje akasimamisha ngazi. Wala hakushika waya.

"Baba Kindness, waya je?"

"Dishi limesogea. Kaa kwenye runinga unitajie."

Ndivyo tunavyofanya kazi miaka yote. Yeye yuko juu, mimi nimekaa chini naona vipimo. Anapiga kelele "Ngapi?", nami namjibu namba, naye anairudia ili nijue amesikia. Nimewahi kukaukiwa sauti kwa kazi hiyo. Nikasikia bati linalia chini ya miguu yake.

"Ngapi?"

"Thelathini na nane!"

"Thelathini na nane."

Nikangoja aulize tena. Nikachungulia dirishani. Jua la asubuhi lilikuwa limelaza kivuli cha nyumba uani, na juu ya kivuli cha paa nikaona kivuli chake. Kilikuwa hakifanyi kazi. Kilikuwa kimeinama, mikono imepanuliwa pembeni, na kinayumba.

"Baba Kindness, bado thelathini na nane!"

Hakurudia namba. Miaka yote ile, hajawahi kuacha kurudia namba. Yesu na Maria! Niliogopa nikimwambia nimemwona akiyumba atakataa, maana namjua, atasema daktari hajui bati, atabaki huko huko. Basi mdomo ukafunguka wenyewe.

"Themanini na tano!" nikapiga kelele. "Imekaa! Usiguse kitu! Shuka, Baba Kindness, shuka!"

Mzee Wilbroad akatazama runinga, akanitazama mimi. Vimraba viko vile vile. "Mama," akasema taratibu, "mbona mimi sioni?"

"Nisamehe, mzee," nikasema, nikakimbia nje.

Nikaishika ngazi kwa mikono miwili. Yeye alikuwa ameshafika ukingoni, mguu unapapasa hewani ukitafuta kipandio. Nikawa namwelekeza: "Mguu wa kushoto, chini kidogo. Hapo. Sasa wa kulia. Hapo hapo." Kipandio kwa kipandio mpaka akagusa ardhi. Shati limelowa mgongo mzima. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mimi nikailaza ngazi chini haraka.

Baada ya muda akainuka akaingia ndani. Akaona ubora thelathini na nane.

"Umenidanganya."

"Ndiyo."

"Mbele ya mzee wa watu! Mimi Elimringi, nionekane tapeli?" Akageuka anaifuata ngazi.

Nikamtangulia, nikakaa juu ya ngazi pale chini, na gauni langu la kanisani. "Hupandi. Labda uniburute mimi."

"Mama Kindness, ondoka."

"Siondoki! Ulimwahidi mtoto. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulinifundisha nini wewe? Tuanze wapi?"

Mama Allen akatoka analia kabisa. "Jamani, jamani, saa nne kasoro kumi na tano! Mzee anauliza kama Misa imeanza!"

Baba Kindness alinitazama. Nilidhani atanisukuma, sijui kwa nini, hajawahi kunigusa vibaya. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Chini." Akarudi ndani.

Akapiga magoti nyuma ya king'amuzi, akaanza kuupapasa waya taratibu kama anayesali rozari, ingawa yeye ni Mlutheri. Akaufuata ukutani, ukingoni mwa sakafu, mpaka kwenye kabati kubwa la vyombo. Pale mkono ukasimama.

"Hili kabati siku zote liko hapa?"

"Hapana," akasema Mama Allen. "Tulilisogeza jana jioni, tupate pa kuweka wageni."

Tukaliinua watatu, vikombe vinagongana. Mguu wa kabati ulikuwa umekanyaga waya mpaka umekuwa bapa. Loo! Kumbe wamejiandaa kumtazama mtoto wao hadi wakajizibia. Mama Allen akashika kichwa akaanza kuomba radhi, ikabidi nimwambie anyamaze kwanza atupe kisu.

Kasoro dakika nane. Tukakata kipande kilichopondeka. Mimi nikamenya ncha za waya, yeye akafunga viungio. Nikachomeka. Nikakaa kwenye kiti changu mbele ya vipimo.

"Ngapi?" akauliza akiwa amesimama hatua mbili tu nyuma yangu.

"Sabini na moja."

"Sabini na moja," akarudia.

Picha ikaja safi. Masista walipolala kifudifudi mbele ya altare, kamera ikawapita kwa nyuma, nyuso hazionekani. Mzee Wilbroad akanyoosha mkono wake mzima. "Yule wa tatu. Soli ile niliishona mimi, mwezi mmoja kabla ya kuugua. Tazameni uzi." Na kweli uzi ulionekana. Mama Allen akalia upya, na mimi nikalia.

Tulikaa mpaka Misa ikaisha, tukalishwa pilau. Wakati wa kurudi akasema tutembee. Tulikuwa tumeshauacha mtaa wa mzee nyuma, nikawa najiandaa kugombezwa.

"Nilijua ni uongo," akasema. "Spana ilikuwa mfukoni. Dishi nilikuwa sijaligusa."

"Sasa kwa nini ulishuka?"

"Nilipanda nijue kama bado naweza. Nilipofika juu macho yakaingia giza, Mama Kindness. Sikuona dishi, sikuona bati, sikujua ukingo uko wapi. Nikasikia tu sauti yako. Nikaifuata."

Nikamshika mkono pale pale barabarani mchana kweupe, sisi watu wazima. Tukaenda hivyo hadi karibu na njia ya Maisaka. Ndipo akasimama akatazama nyuma.

"Tumesahau ngazi."

"Hatujasahau," nikamwambia.

Akaukaza mkono wangu, tukaendelea na safari.