Mume wa Mjane

Masha alikuwa anakufa kila wageni walipokuja. Wakishaondoka, hufufuka, akarudi kwake, ng'ambo ya mto kutoka Garsen, akala ugali na samaki wake, akaulizwa mbona hajapasua kuni. Mume mzima wa Kigiriama, mwenye shamba, ndevu na kikohozi cha tumbaku, marehemu!

Aliyemuua ni Mchungaji Kitsao. Kanisa lake lilikuwa limepata wamisionari kutoka ng'ambo, watu wema, wekundu kwa jua, na wema wao ulikuwa na macho ya kuchagua. Walipenda wajane kupita kiasi. Mwanamke ambaye mumewe yuko hai lakini mgongo wake mwenyewe umekwisha kwa kulima hawakuwa na haja naye, ila mjane, hata awe amenenepa mashavu, walimlilia. Wajane wa kweli kijijini hawakukosekana. Lakini mmoja alikuwa mlevi, mwingine anaswali msikitini, na wa tatu ana mdomo ambao Kitsao hakuthubutu kuutafsiri. Basi akamchukua Dama, mke wa Masha, kwa sababu Dama alijua kulia. Akawaambia wageni kwamba mumewe aliliwa na mamba akivuka mto.

Lo, walivyoipenda ile habari ya mamba! Mkubwa wao, aliyebandikwa jina la Bwana Hosana kwa kuwa neno hilo halikumwisha mdomoni, alimkumbatia Dama hadi kilemba kikamwanguka. Kisha wakaendelea na kazi yao: kucheza mpira na watoto, kupiga picha, na kufundisha watu kunawa mikono, watu ambao mto ukifurika hunawa mpaka kiunoni. Na wakaahidi kuezeka nyumba ya mjane kwa mabati.

Usimwonee Masha huruma mapema. Mara ya kwanza alikubali mwenyewe, tena huku anacheka. Wageni wakija, yeye huyo Garsen, anajikalia dukani kwa Abdinoor, Msomali muuza sukari na kamba za mbuzi.

"Marehemu, karibu," Abdinoor humwambia. "Huko kaburini chai ipo?"

"Hakuna. Nipe ya rangi."

"Wallahi wewe Masha, mimi mke wangu akisema nimekufa, lazima nife au aende kwao."

Masha hucheka, lakini chai humshinda kumaliza. Wageni walikuwa wameezeka upande mmoja tu wa nyumba, upande wa pili ukabaki makuti yaliyooza, na kila walipokuja walisema watamaliza safari ijayo. Masha akawa anakufa tena na tena akingojea bati. Watoto wa jirani wakaanza kumwita Babu Marehemu.

Ndipo siku moja, wakiaga, Bwana Hosana akatamani safari ijayo asali kaburini. Mtu mwingine angesema mamba haachi maiti, yakaisha. Kitsao, kwa kupenda kwake kusifiwa, akaeleza kwamba kwao anayeliwa na mamba huzikwa mgomba badala yake, na kaburi lipo. Halikuwepo. Akaenda mbio kwa Dama: lichimbwe kabla wageni hawajarudi.

Masha aliposikia, mzaha ulimtoka mwilini wote.

"Hilo sitaki, Mama Kadzo," alimwambia mkewe, kwa jina la binti yao aliyeolewa Ozi. "Baba yangu mdogo alipochukuliwa na mto tulimzika mgomba. Tulinyoa nywele. Tukagawana vitu vyake. Hata angetokea kesho yake, hakuna ambaye angeitikia salamu yake mpaka wazee wamtoe huko alikozikwa. Unataka kunifanyia hayo mimi?"

"Baba Kadzo, wao hawajui hayo. Kwao ni mgomba tu."

"Wewe unajua!"

"Nami najua kwamba mvua ikinyesha unahamia upande wa bati," Dama akamjibu. "Hapo husikii uchuro."

Alikuwa na ulimi, Dama. Masha akaondoka kwa hasira, akidhani amekataa na neno lake limesimama. Mwanamume huyu alikuwa bado anajiona ana neno katika nyumba ile! Dama alikata mgomba mwenyewe, shambani kwa mumewe, akauviringisha sanda, akaufukia nyuma ya nyumba.

Habari zilimfikia Masha dukani. Hakumaliza hata kusikiliza. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akawakuta wageni wamesimama wamefumba macho kuuzunguka udongo mbichi, mabati ya upande wa pili yameegeshwa ukutani, na msalaba wenye jina lake umeshachomekwa. Jina lake! Akaogopa kweli.

"Mimi ndiye Masha!" akapaza sauti. "Niangalieni! Nimekufa wapi?"

Wageni wakafumbua macho. Kitsao hakupepesa jicho. Akawatafsiria kwamba huyu ni kaka wa marehemu, ana uchungu mwingi. Uso wa Bwana Hosana ukabadilika, akaanza kusema kwa ukali, kidole kikicheza.

"Anasema amesikia habari za kurithi wajane," Kitsao akamwambia Masha, bila haya wala soni. "Anasema usimguse huyu dada. Ondoka."

Masha akageuka kwa mkewe. "Dama. Waambie mimi ni nani wako."

Bwana Hosana naye akamwinamia Dama, akamshika bega, akamuuliza kwa upole, na Kitsao akatafsiri lile lile swali: huyu ni nani wako? Dama alimtazama Masha. Akayatazama mabati pale ukutani.

"Shemeji," akasema.

Masha hakumtukana. Aliingia ndani, akatoka na jembe lake begani, lile ambalo alilichongea mpini mwenyewe. Hapo wageni wakaja juu wote. Mali ya mjane! Bwana Hosana alimzuia njiani, akalivuta lile jembe, na Masha, mwenye mikono ya kumwangusha mzungu yule mtoni, aliliachia tu. Akashika njia ya Garsen mikono mitupu.

Bwana Hosana akamkabidhi Dama jembe. Dama akalipokea, akakaa chini kando ya udongo ule, akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia mbele yao, mpaka kamasi zikamtoka. Kitsao akawaeleza wageni kwamba ni machozi ya shukrani.