Darasa Lisilo na Karatasi

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba ni lazima sentensi ya kwanza ikamilike kabisa ndipo mtu aruhusiwe kwenda ya pili. Kwa hiyo nilikaa miezi mingi katika ukurasa mmoja. Ulihusu mlima: theluji, ukungu, mwanga wa alfajiri juu ya vilele. Nilijifunza kuandika peke yangu, nikisoma magazeti ya kufungia sukari katika duka nililofanyia kazi hapa Nyeri, na niliogopa kwamba kosa moja dogo lingewaonyesha watu kuwa sikufika mbali shuleni.

Miaka hiyo ilikuwa ya emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Mwalimu mmoja kutoka magharibi ya nchi, aliyefundisha shule ya msingi karibu na mtaa wa Majengo, alipata kibali cha kukusanya watu Jumamosi alasiri: sisi tuliokuwa tukiandika hadithi bila kutumwa na mtu. Alituahidi kwamba muhula ukiisha angechagua hadithi moja na kuipeleka kwa mhariri wa gazeti la Kiswahili kule Nairobi. Niliitaka sana nafasi hiyo.

Darasa lilikuwa na sharti moja: hakuna kuja na karatasi. Barabarani kulikuwa na vizuizi, na mwandiko wa mkono mfukoni ulikuwa taabu. Askari asiyejua kuusoma angekuweka pale mpaka apatikane anayejua. Basi kila mtu aliacha maandishi nyumbani, akaja na hadithi kichwani. Ukishasimulia, Mwalimu alimteua mwenzako airudie, nawe ukae kimya. Alichokisahau mwenzako, ulikwenda nacho nyumbani kukifikiria.

Tulikuwa wachache. Kulikuwa na fundi cherehani wa Majengo, mzee mcheshi, na koplo wa polisi, mtu wa magharibi kama Mwalimu, aliyekuja na buti zake za kazi na hadithi ndefu juu ya kuku wa shangazi yake. Wengine walikuja na kuacha. Mimi kila juma nilirudia mlima ule ule, neno moja likiwa limebadilishwa. Fundi aliwaambia wenzetu kwamba kijana huyu anapiga pasi kola tu, shati lenyewe bado halijakatwa. Nilicheka pamoja nao, kisha nikarudi chumbani nikabadilisha neno jingine.

Muhula ulipokaribia kwisha, Mwalimu aliniambia nisiposimulia hadithi nzima kabla ya muhula kwisha, hangekuwa na cha kupeleka kutoka kwangu. Hadithi nzima nilikuwa nayo. Ilimhusu mama yangu kule Kangema, siku watu walipoamriwa kuhamia kijiji kipya chenye handaki na uzio na nyumba zao zikachomwa. Lakini ningeisimuliaje mbele ya polisi? Jumamosi hiyo nikaanza na mlima, nikauzunguka pande zote, na mwisho kabisa, haraka, nikasema mama aling'oa mlango wa nyumba akaondoka nao. Nikakaa.

Mwalimu akamteua Koplo airudie.

Koplo alisimama, akakuna shingo. "Mlima yako imenipotea yote, kijana," alisema, na watu wakacheka. "Lakini kuna mama. Wengine wanabeba sufuria, wanabeba mbuzi. Yeye anang'oa mlango, anaufunga mgongoni na kamba ya kuni. Anafika kule kijijini, nyumba hakuna. Anausimamisha mlango kwa matope, analala nyuma yake."

Nilivunja ile kanuni ya kukaa kimya. Nilimwambia sikusema popote kwamba alilala nyuma ya mlango.

"Hukusema," alijibu. "Si mama yako. Ni mwingine, huko Kangari. Nilikuwa zamu. Mvua ilikuwa inanyesha." Alinitazama. "Sasa mambo kama hiyo uko nayo, kwa nini unatupeleka kwa theluji?"

Hakuna aliyecheka. Nilijua jibu, na nilikuwa nimechoka kulificha.

"Nilikuogopa wewe, Koplo."

"Niogope barabarani," alisema, akikaa. "Hapa mimi ni mtu wa kuku."

Juma lile niliandika hadithi yote kuanzia mlangoni, kila jioni baada ya kufunga duka, bila kurudi nyuma hata pale nilipoona sentensi imepinda. Koplo aliniruhusu kumweka yule mama wa Kangari, mradi nisimtaje yeye mwenyewe Koplo. Jumamosi iliyofuata niliisimulia yote. Fundi aliirudia, na karibu yote ilikuwamo. Mwalimu akasema ndiyo itakayokwenda.

Nilimwomba anipe juma moja jingine nirekebishe.

"Nikikupa juma, utaurudisha mlima," alisema, akatoa karatasi za shule na kalamu, akaniambia nianze kusema. Aliandika mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni, mimi nikitamka, Koplo akinishtua kila nilipoongeza kitu ambacho hakikuwamo. Tulimaliza mapema, kila mtu akafika kwake kabla ya saa ya kafyu.

Ilichapishwa. Mhariri aliondoa jina la Kangema na kupunguza mwisho, na katika safu ya tatu kuna sentensi inayoniudhi hadi leo. Nilipopata kibali cha kusafiri nilimsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimesahau kwamba ulikuwa mlango wa mbao za mvule na kwamba mgongo ulimuuma mwezi mzima. Kisha akataka nimsomee tena.

Wasiwasi haujaniisha. Lakini sasa naandika hadithi mpaka mwisho kabla sijarekebisha neno lolote, na kabla sijaipeleka popote namsimulia mtu, nikanyamaza, nikamwacha airudie.