Binti wa Dobi Mbele ya Pasi

Dobi alisimama nje ya dirisha la karakana ya chuo, pua karibu iguse kioo. Ndani, binti yake alisubiri zamu yake ya jaribio la kujiunga. Akishindwa, hapakuwa na chuo kingine kinachopokea vijana wazito wa kuelewa. Kilichobaki ni kile kituo cha bweni nje ya mji, alichokitafuta shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Walikuwa wamekwenda kukiona. Wasichana walikaa wamevaa sare, wameelekea ukutani wakitunga shanga, na mlango ulipofunguliwa hakuna aliyegeuka. Komeo lake lilikuwa upande wa nje.

"Usijitie presha, shemeji," alisema shemeji yake kando yake, akichezea funguo za gari. "Hapa wananyoosha nguo, hawanyooshi watu."

"Hebu ninyamazie."

Binti alianza vizuri. Alitandika shati, akalinyunyizia maji kwa ncha za vidole, akavuta mshono wa bega mpaka ukakaa sawa. Hata mwalimu alisogea kutazama. Dobi akashusha pumzi.

Kisha kitaa cha pasi kikazimika, moto umefika. Binti akarudi nyuma, akafunga mikono mgongoni, akatulia tuli.

Nyumbani ndivyo walivyofanya kazi tangu binti aungue kwa pasi utotoni: yeye huandaa nguo, mama hushika pasi. Ikishapata moto, kaa mbali. Dobi alimwambia hivyo kila siku ya Mungu. Hakuwahi kuwaza kumfundisha kuishika.

"Endelea," mwalimu alisema.

Binti akatabasamu, akatazama mlangoni, akimngoja mama aingie.

Dobi akagonga kioo. "Shika, mwanangu. Leo shika."

Binti akatikisa kichwa, akakaza mikono mgongoni kama mtu anayetegwa.

Mwalimu akafungua dirisha. "Mama, tulikuomba usimsaidie."

"Mimi ndiye niliyemkataza, mwalimu. Hajashindwa. Anatii."

"Nakuelewa, mama. Lakini humu pasi ni nyingi na mwalimu ni mimi peke yangu." Akaita mwingine.

Binti akatoka uso ukimeta. "Sikuigusa, mama."

"Nimeona."

"Tunaanza lini?"

Dobi akamshika mkono. Shemeji yake alikuwa keshawasha gari.

"Kituoni wanampokea kesho asubuhi," alisema kutoka dirisha la gari. "Wamesema asibebe nguo. Huko hatazihitaji."